Kamioneti ya Shule na Mteremko wa Ngomo

Mwaka 2022 halmashauri ya wazazi wa shule yetu ilikutana ili kuchagua kamioneti. Fedha zilikuwa zimekusanywa kwa taabu muda wa miaka mitatu. Motokari mbili zilikuwa zikiuzwa kwa bei karibu sawa, zote zimekwisha kutumika, zote zanywa mazutu. Moja ilikuwa na klachi na gia za mkono, yaani ile tuliyoizoea sote tangu utoto. Ya pili ilikuwa otomatiki: yabadilisha gia yenyewe, na dereva hana ila vikanyagio viwili, cha mafuta na cha breki. Wazazi wengine walitaka hii, wengine ile. Ndipo niliposimama mimi, mwalimu wa watoto wao, nikasema maneno ambayo leo sina budi kuyarudia mbele yenu.

Nilisema: «Ateremkaye Ngomo bila gia za mkono ajichimbia kaburi.»

Wasiofika Kivu hawaujui mteremko huo. Mji wa Bukavu wakaa kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, na njia iendayo Uvira yapita Nyangezi, kisha yashuka ghafula kwenye magenge ya Ngomo hata Kamanyola, katika uwanda wa Ruzizi ulio chini ya mita 1,000. Upande mmoja ni ukuta wa mlima, upande wa pili ni shimo. Malori yaliyoanguka huko hatuyahesabu tena. Na wazazi wote walijua ya kuwa mwaka 2016 mimi mwenyewe nilipata ajali mahali pale, katika kamioneti ya kuazima, nikapona. Basi maneno yangu yalikuwa na uzito. Mikono ikainuliwa, gia za mkono zikashinda.

Karibu na mlango alikuwa ameketi kijana mmoja aliyeomba kazi ya udereva wa shule. Alisikia yote, akatoka kabla ya mkutano kwisha. Huyo nitarudi kumtaja.

Kwanza tuitazame mashine yenyewe, kwa maana wengi wetu twasifu au twashutumu kitu tusichokijua. Injini ya motokari haina nguvu ikizunguka polepole, ukiilazimisha, yazimika. Kwa hiyo sharti pawe na sanduku la magurudumu ya meno kati yake na matairi. Gia ya kwanza yatoa nguvu nyingi na mwendo mdogo. Gia ya juu yatoa mwendo mwingi na nguvu kidogo. Mtu aliyepanda kilima kwa baiskeli yenye gia alikwisha kufahamu hayo kwa miguu yake. Panhard na Levassor, watengenezaji wa Ufaransa, ndio waliowaonyesha wengine njia katika miaka ya 1890: injini mbele, klachi nyuma yake, kisha sanduku la gia. Siku zile gia zilipiga kelele kama chuma kinachosagwa, na dereva asiye hodari alivunja meno yake, hata kampuni ya Cadillac ilipoleta mwaka 1928 sinkromeshi, yaani vipete vinavyosawazisha mwendo wa magurudumu kabla hayajashikana.

Otomatiki ilizaliwa, ajabu yake, katika kazi ya meli. Mwaka 1905 injinia Mjerumani, Hermann Föttinger, alipata hati ya uvumbuzi wa chombo cha kupitisha nguvu kwa njia ya maji. Fikirini magurudumu mawili yenye vibao kama makasia, yametazamana ndani ya chombo kimoja kilichojaa mafuta. La kwanza lazungushwa na injini, lasukuma mafuta. Mafuta yasukuma la pili. La pili laendesha motokari. Hakuna chuma kinachoshika chuma, kwa hiyo motokari yaweza kusimama na injini isizimike. Mwaka 1939 General Motors ya Marekani ilitumia jambo hilo katika Hydra-Matic, iliyouzwa kwanza ndani ya motokari za Oldsmobile. Kamioneti zikafuata: Ford mwaka 1953, Chevrolet mwaka 1954.

Tangu hapo klachi imekuwa ikirudi nyuma huko Marekani. Kamioneti kubwa ya mwisho kuuzwa kule na gia za mkono ilikuwa Ram yenye injini ya Cummins, ya toleo la 2018. Wasidhani wasomaji kwamba Wamarekani wamekuwa wavivu tu (ingawa uvivu nao una sehemu yake, kama kwetu). Kile chombo cha mafuta chaongeza nguvu wakati wa kuondoka na mzigo mzito, na hakuna klachi ya kuungua. Tena Ford na General Motors walishirikiana kutengeneza sanduku la gia kumi, nalo likaingia katika Ford F-150 ya mwaka 2017. Nani atabadilisha gia kumi kwa mkono siku nzima? Zamani ilikuwa kweli kwamba otomatiki hula mafuta mengi. Leo sanduku la namna hiyo lachagua gia upesi na vema kuliko sisi. Toyota Tacoma ya mwaka 2024 bado ilitolewa na klachi kwa waipendao, lakini hao ni wachache.

Hata Land Cruiser ya namna ya 70, ile ngumu iliyozaliwa mwaka 1984, ambayo misheni, hospitali na askari wa nchi yetu waijua kama wajuavyo jembe, ilipewa mwaka 2023 sanduku otomatiki la gia sita kwa soko la Australia. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kitambo. Nilikuwa nimewaambia wanafunzi wangu ya kuwa siku hiyo haitafika.

Sasa nirudi Ngomo.

Mwaka ule wa 2016 nilipakia madawati thelathini Bukavu, niyapeleke Uvira. Nyuma, juu ya madawati, alikaa kijana wa miaka kumi na sita, msaidizi wangu. Baba yangu, aliyeendesha malori maisha yake yote, ndiye aliyenifundisha, naye alikuwa na kanuni moja tu ya milima: gia ambayo ungeipandia ndiyo uiteremkie. Kwa maana ukiwa na gia ndogo, matairi ndiyo yanayolazimika kuizungusha injini, nayo injini yakataa, na kukataa kwake kwaishika motokari. Breki hupumzika. Niliijua kanuni hiyo kama nijuavyo jina langu.

Lakini mazutu yalikuwa machache, na madereva wenzangu walikuwa wamenionyesha hila: kwenye mteremko toa gia, acha motokari iserereke, utaokoa lita. Hila hiyo hata si ya kweli. Injini inayosukumwa na matairi, mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta, hukatiwa mazutu. Ile iliyoachwa bila gia sharti iyanywe ili isizimike. Mimi sikujua. Nilitoa gia juu ya kona ya tatu.

Motokari ilikimbia. Nilikanyaga breki, zikashika. Nikakanyaga tena, zikashika kidogo. Kisha harufu ya kitu kinachoungua ikapanda, na kikanyagio kikashuka bila jibu. Nikataka kurudisha gia ya tatu. Sanduku likalia, mkono ukatupwa nyuma. Mwendo ulikuwa umekwisha kupita uwezo wa vile vipete nilivyovitaja. Basi nikachagua ukuta wa mlima badala ya shimo, nikaisugua ubavu mpaka ikasimama. Mimi nilitoka na mkwaruzo. Kijana alikuwa amelala barabarani chini ya madawati, mkono wake wa kuume umevunjika mahali pawili.

Watu walipofika niliwaambia: «Breki zimekufa.» Neno hilo halikuwa uongo kamili. Likaenea, nikalionea raha, nikalitumia miaka sita, hata siku ile ya halmashauri.

Baba hakuniuliza neno mbele ya watu. Alikwenda kuitazama kamioneti kabla haijavutwa. Jioni baada ya mkutano wa 2022 aliniita nyuma ya nyumba, akasema: «Mwanangu, siku ile mimi nilifungua mlango nikashika gia. Ilikuwa wapi?» Sikujibu. Akaendelea: «Otomatiki nayo ina gia ya chini. Imeandikwa pale kwenye mkono wake. Aishushaye huko atafika Kamanyola kama mimi.»

Na ndivyo ilivyo. Mkono wa otomatiki una herufi D ya safari ya kawaida, na chini yake motokari nyingi zina 2 na L, au alama za kuongeza na kutoa. Aiachaye katika D kwenye magenge ataungua breki, kwani mara nyingi sanduku latafuta gia ya juu. Aiwekaye katika L ashikwa na injini vilevile kama mwenye klachi. Wengi wa wanunuzi wa motokari za mkono wa pili zitokazo Japani kwa njia ya Dar es Salaam na Mombasa hawakuambiwa na mtu maana ya herufi hizo. Laiti tungewaambia, badala ya kuwatisha.

Sisemi kwamba gia za mkono hazina sifa kwetu. Klachi fundi wetu aifungua chini ya mwembe, abadilisha sahani yake, na kesho yake waondoka. Betri ikifa, vijana wanne wasukuma na injini yawaka. Otomatiki huwezi kuiwasha hivyo. Ikiharibika njiani, hupaswi kuivuta matairi yake yenye kuendeshwa yakigusa chini, kwa maana pampu ya mafuta ya sanduku lake huendeshwa na injini, na bila mafuta vyuma vyaungua. Tena yadai mafuta ya namna yake hasa, safi, nayo hayapatikani katika kila kijiji. Ningalisema haya tu mbele ya wazazi, ningalikuwa mwalimu mwema. Labda kura ingalikuwa ile ile. Lakini nilileta Ngomo.

Yule kijana aliyeketi karibu na mlango ndiye aliyelala chini ya madawati. Mkono wake wa kuume haunyoki sawasawa, nao ndio mkono wa gia katika motokari zetu. Alijifunza udereva katika otomatiki ya shemeji yake, aendesha vizuri, na mteremko auheshimu kuliko mtu yeyote nimjuaye. Kamioneti ya klachi hawezi kuitumikia siku nzima. Alikuwa ameomba kazi kwa kutumaini ile nyingine.

Pengine ubishi huu wote utakwisha wenyewe. Motokari ya umeme haina haja ya gia nyingi, kwani mota yake yatoa nguvu zote tangu mzunguko wa kwanza; Ford F-150 Lightning, iliyoanza kuuzwa mwaka 2022, haikuwa na gia za kubadilisha hata moja. Kwenye mteremko mota hiyo hugeuka kuwa mtambo wa kutengeneza umeme, yaishika motokari na kuirudishia betri nguvu. Kobalti ya betri nyingi za dunia yachimbwa kwetu, kule Kolwezi na kandokando yake. Nchi yetu yatoa zaidi ya nusu ya kobalti yote ichimbwayo ulimwenguni. Lakini shule yetu haina umeme wa kutosha kuwasha taa za darasa la sita. Kwa hiyo kwa miaka mingi bado tutachagua kati ya klachi na otomatiki.

Kamioneti ya 2022 imechoka. Wazazi watakutana tena mwezi ujao kuchagua nyingine, na kijana ameandika barua yake mara ya pili; nimeiona mezani kwa mkurugenzi, maandishi yamelala upande kwa sababu ya mkono ule. Nimeomba nipewe nafasi ya kusema wa kwanza. Baba atakuwapo.