Busia, Mji wa Mpakani Uliowafundisha Wataalamu wa Uchumi

Msafiri atokaye kwetu Tanzania kwa njia ya Sirari, akapita Kisii na kufika Kisumu, hubakiwa na kiasi cha kilomita 110 tu kabla ya kuingia Busia, kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Barabara hupita Maseno, mahali ambapo mstari wa Ikweta huikata, kisha Luanda, Yala na Ugunja. Ni nchi ya mashamba madogo madogo ya mahindi na mihogo, na nyumba zake zimekaribiana.

Busia ni jina moja lenye serikali mbili. Upande wa mashariki ni Kenya, upande wa magharibi ni Uganda, na Wasamia na Wateso wako huku na huku. Waliouchora mpaka huu zama za ukoloni hawakumwuliza mtu shangazi yake anakaa wapi. Inasemekana kwamba hata neno boda boda lilizaliwa kwenye mipaka hii ya Busia na Malaba katika miaka ya 1960, pale vijana walipobeba abiria kwa baiskeli kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nchi ya pili, wakinadi safari zao kwa neno la Kiingereza la mpaka. Tarehe 24 Februari, 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Rais Yoweri Museveni walizindua hapo kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji. Tangu hapo msafiri hukaguliwa na maofisa wa nchi zote mbili chini ya paa moja, upande wa nchi anayoingia. Ndugu zetu wa polisi na forodha wataelewa nafuu iliyopo hapo.

Lakini si malori wala forodha vilivyonifanya niandike habari za Busia. Ukitoka mjini ukielekea kusini, kwenye vijiji vya Funyula na Budalangi karibu na Ziwa Viktoria, ambako mto Nzoia umezoea kufurika, utakuta shule za msingi za kawaida kabisa, zisizo na lolote la kumshangaza mgeni. Shule hizo zinatajwa katika vyuo vikuu vya dunia nzima.

Mmarekani mmoja, Michael Kremer, alipokuwa kijana alifundisha kwa mwaka mmoja katika shule ya sekondari ya sehemu za Kakamega, jirani na Busia. Katikati ya miaka ya 1990 alirudi, sasa akiwa mtaalamu wa uchumi. Shirika moja la misaada lilikuwa likijiandaa kuzisaidia shule za Busia, na fedha zake hazikutosha kuzifikia zote kwa mara moja. Wazo lake lilikuwa jepesi: shule zitakazotangulia zisichaguliwe kwa kujuana, bali kwa bahati, ili baadaye zilinganishwe na zile zinazosubiri. Hapo ndipo itakapojulikana kama msaada umefaa au haukufaa.

Jaribio la vitabu lilikuwa miongoni mwa yale ya kwanza. Mwaka 1996, kati ya shule 100, shule 25 zilitangulia kupewa vitabu vya kiada. Sisi tuliosomea ualimu tungeapa kwamba alama za watoto zingepanda. Hazikupanda kwa wastani. Waliofaidika ni wale waliokuwa wakifanya vizuri tangu awali. Sababu mojawapo ilikuwa wazi kwa kila aliyewahi kushika chaki: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, na kwa wengi wa watoto hao Kiingereza ni lugha ya tatu, baada ya lugha ya nyumbani na Kiswahili. Mtoto alikabidhiwa kitabu asichoweza kukisoma, na kwenye taarifa ikaandikwa kwamba amesaidiwa.

Kisha ikaja zamu ya minyoo. Uchunguzi ulionyesha kwamba zaidi ya watoto tisa kati ya kumi walikuwa na aina moja au zaidi ya minyoo au kichocho. Kremer na mwenzake Edward Miguel walichukua shule 75 zenye wanafunzi zaidi ya 30,000. Majina ya shule yalipangwa kwa abjadi, kisha ikahesabiwa moja, mbili, tatu, kama askari wanavyohesabu namba gwarideni. Kundi la kwanza lilianza kupata dawa mwaka 1998, la pili 1999, na la tatu 2001. Utoro ulipungua kwa kiasi cha robo. Hata watoto wa shule hizo ambao hawakumeza dawa walipata nafuu, kwa kuwa mayai ya minyoo yaliyotapakaa katika udongo na maji yalipungua. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikubadilika.

Matokeo hayo hayakupita bila ubishi, na ni haki kulisema hilo. Mwaka 2015 wataalamu wa afya wa London walizipitia upya hesabu za utafiti huo, wakakuta makosa, hasa katika yale yaliyodaiwa kuhusu nafuu iliyofika shule za mbali. Wasomi walijibizana kwa ukali. Hata hivyo watafiti wa kwanza walikuwa wameendelea kuwafuatilia watoto wale hadi wakawa watu wazima wenye familia. Mwaka 2021 walitoa taarifa kwamba waliotangulia kupata dawa, ikiwa ni miaka miwili mitatu zaidi ya wenzao, walikuwa na matumizi makubwa zaidi kwa asilimia 14.

Jambo linalowahusu zaidi akina mama na baba wasomao ukurasa huu ni lile la bei. Katika miaka ya 1980 na 1990 nchi zetu nyingi zilihimizwa kuwachangisha wananchi gharama za huduma, kwa hoja kwamba kitu cha bure hakithaminiwi. Mwaka 2001, katika baadhi ya shule za Busia, wazazi waliombwa kuchangia dawa ya minyoo. Kiasi chenyewe kwa wastani kilikuwa kama senti thelathini za Kimarekani kwa mtoto. Pale ilipotolewa bure, kiasi cha robo tatu ya watoto walimeza dawa. Pale palipokuwa na mchango, hawakufika hata mmoja kati ya watano. Miaka michache baadaye, Jessica Cohen na Pascaline Dupas walijaribu vyandarua katika kliniki za waja wazito za magharibi ya Kenya. Bei ilipotoka bure hadi shilingi 40 za Kenya, waliochukua walipungua mno. Na wale waliopewa bure walivitundika na kuvilalia sawasawa na walionunua. Hoja ya kuthamini ilishindwa palepale kitandani.

Wapo wanaouliza: je, ni haki kumsubirisha mtoto mwenye minyoo hadi 2001 kwa sababu shule yake imeangukia namba tatu? Swali hilo si la kupuuzwa. Mimi naona foleni ingekuwapo tu, maana fedha hazikutosha. Ningeogopa zaidi foleni inayopangwa kwa kuangalia nyumbani kwa mkubwa fulani ni wapi. Mwaka 2009 serikali ya Kenya ilianza yenyewe kugawa dawa za minyoo mashuleni, na mwaka 2019 Kremer, pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, alipewa Tuzo ya Nobel ya Uchumi.

Atakayetembelea vijiji vya huko aangalie pia chemchemi. Zamani watafiti walizijengea kwa saruji, na kuharisha kwa watoto kukapungua kwa kiasi cha robo. Lakini maji yaliyokuwa safi chemchemini yalichafuka tena njiani na mtungini. Ndipo likaja tangi dogo la klorini, linalosimamishwa kando ya kisima. Mama hutega dumu lake la lita 20, hufungua kilango mara moja, kipimo kamili kikadondoka, halafu hukinga maji na kwenda zake. Halipi kitu. Matangi ya namna hiyo yamevuka mpaka. Yamesimikwa Uganda pia, na hata Malawi.