Jiko na Jina Lake

Wahenga walinena kwamba figa moja haliinjiki chungu. Darasani huifafanua methali hii kwa neno umoja, kisha tukaivuka na kuiendea nyingine. Siku hizi mimi huitazama kwa maana yake ya wazi: mawe matatu, chungu juu yake, na mwanamke aliyeinama akipuliza moto huku machozi yakimtiririka. Mama yangu ni mmoja wa wanawake hao. Hupika kwa kuni kijijini kwetu magharibi mwa Kenya, na kikohozi chake tumekizoea kama tulivyoizoea sauti yake.

Wala hayuko peke yake. Sensa ya mwaka 2019 ilidhihirisha kwamba asilimia 55.1 ya kaya nchini Kenya zilitegemea kuni kwa mapishi. Shirika la Afya Duniani nalo lilikadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Moshi huo hubeba chembechembe ndogo mno zinazopenya hadi ndani ya mapafu, na wanaouvuta zaidi ni wapishi pamoja na watoto wanaobebwa mgongoni.

Jitihada za kuleta meko bora hazikuanza jana. Katika miaka ya 1980, mafundi wa jua kali jijini Nairobi walianza kutengeneza jiko la makaa lenye bati nje na udongo wa kuchomwa ndani, lililotokana na jiko la ndoo la Thailand. Kwa wapikao kwa kuni, kilibuniwa kikombe cha udongo kinachojengewa kwa matope papo hapo jikoni. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilishiriki kulieneza jiko hili, nalo likaitwa Maendeleo. Baadaye likabadilishwa jina, likaitwa Upesi.

Mabadiliko hayo ya jina yamenishughulisha sana kama mwanafunzi wa fasihi. 'Maendeleo' ni nomino dhahania, neno la majukwaani na barazani kwa chifu. 'Upesi' ni kielezi, neno la mama ambaye watoto wanasubiri uji ili waende shule. Jina la kwanza lilisema alichotaka mhamasishaji. La pili lilisema alichotaka mpishi. Katika hatua hiyo moja ya kisarufi mna somo ambalo miradi mingi bado haijalihitimu.

Nilipompelekea mama jiko la Upesi, alilipokea kwa furaha, lakini hakuyang'oa mafiga yake. Aliniuliza, kwa lugha yetu ya nyumbani, sufuria ya matanga ingeinjikwa wapi. Akanionyesha mahindi ya mbegu yaliyoning'inizwa juu ya meko, ambayo moshi huyakausha na kuwafukuza wadudu. Wahamasishaji wengi wangesema kwamba mwanamke huyu ameshikilia ukale. La hasha! Alikuwa na hoja, na mwenye hoja hujibiwa kwa hoja. Isitoshe, Upesi hupunguza kuni lakini haliumalizi moshi. Gesi ndiyo iliyo safi zaidi, ila kuujaza mtungi hudai fedha nyingi kwa mkupuo mmoja, ilhali kuni huokotwa bure au hununuliwa kidogo kidogo.

Aidha, lugha yenyewe haina budi kuhojiwa. Mwanamume akioa tunasema amepata jiko. Nahau hii imemfanya mwanamke na jiko kuwa kitu kimoja, hata moshi ukaonekana kuwa fungu lake la halali. Katika nyumba nyingi, anayeamua fedha zitumiwe vipi siye anayepuliza moto. Ataona vipi dharura ya kununua jiko jipya ilhali, kwa mujibu wa nahau, jiko alikwisha kulipata?

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, suala hili si la wahandisi na madaktari pekee. Wao wanaweza kuupima moshi. Sisi tunaweza kuandika vijitabu na michezo ya redio kwa Kiswahili kinachoeleweka, vinavyoanza na maswali ya mpishi mwenyewe: sufuria kubwa itakaa wapi, mbegu zitakaushwa vipi, mtungi utalipiwa na nani. Tena vimtaje baba waziwazi, maana mapafu yanayoumia ni ya nyumba yake.