Msumeno Mpya

Ukifika katika karakana yangu ndogo nyuma ya nyumba, utaona mlango una shimo. Ubao wa mninga uligonga pale baada ya kupita kati yangu na mwanangu, aliyekuwa kidato cha nne kama wewe. Msumeno wangu wa meza wa zamani haukuwa na kile kibamba chembamba kinachosimama nyuma ya diski na kuzuia ubao uliopasuliwa usijifunge. Ubao ukibana meno ya nyuma, ambayo hupanda juu, hurushwa kumwelekea fundi.

Miaka yote nilijiambia kuwa ajali haina kinga. Siku ile nilitambua kwamba kinga ilikuwepo, ila niliihofia gharama yake.

Nilidunduliza fedha kwa miezi kumi, nikanunua msumeno mpya. Muuzaji alisifia nguvu za mota. Mimi niliulizia kibamba kwanza. Tulipofika nyumbani, mwanangu alitaka tuuwashe papo hapo. Nikamwambia, "Kwanza tusome maelekezo." Tulisoma ukurasa kwa ukurasa, tukachonga kijiti cha kusukumia mbao, ndipo tukauwasha.

Nawe, kabla ya kulaumu bahati, jiulize: kinga niliiacha wapi?