Mbaazi na Silikoni

Muhula uliopita, nikiwasilisha mada kuhusu Kiswahili na teknolojia, nilidai kwa mbwembwe kwamba tarakilishi zitazidi kuwa ndogo na zenye nguvu bila kikomo. Mhadhiri wetu akanikatiza: "Bila kikomo? Hebu tufafanulie, tena kwa Kiswahili." Ulimi ukaniganda. Nikakimbilia Kiingereza; akanikataza. Nikaketi huku nikilalamika kimoyomoyo kwamba Kiswahili hakina istilahi.

Jioni nilimwendea mwenzangu wa chumbani, mwanafunzi wa uhandisi. Alinieleza kuwa mnamo 1965 Gordon Moore alitabiri kwamba idadi ya transista, yaani swichi ndogo mno za umeme, katika chipu moja ingeongezeka maradufu kila mwaka. Mnamo 1975 akairekebisha kauli hiyo kuwa kila miaka miwili. Chipu ya Intel 4004 ya mwaka wa 1971 ilikuwa na transista 2,300 hivi. Za leo zina mabilioni. Hata hivyo, silikoni ni atomu, na atomu ikipasuliwa si silikoni tena. Isitoshe, kizuizi kikiwa na unene wa atomu chache tu, elektroni hukipenya hata swichi ikiwa imezimwa. Umeme huvuja, joto hupanda.

"Na chipu za nanometa 3?" nikamuuliza.

"Hilo ni jina la biashara, ndugu yangu. Transista yenyewe ni kubwa kuliko hivyo."

Hapo nikakumbuka somo letu la mofolojia. Mofimu ndiyo kipashio kidogo kabisa chenye maana. Ukiikata zaidi, unabaki na sauti tupu. Neno "wanapendana" limepata utajiri wake kwa mofimu kupangwa, wala si kwa kukatwakatwa. Wahandisi nao wameshika njia hiyo: wanapanga chipu ghorofa juu ya ghorofa, na kuunganisha vipande kadhaa vifanye kazi kama chipu moja.

Wiki iliyofuata nilisimama tena darasani, nikayaeleza hayo yote kwa Kiswahili. Maneno ya kukopa hayakuzidi matano. Wahenga walinena kwamba mbaazi ukikosa maua husingizia jua. Waama, nilikuwa nimekisingizia Kiswahili ufukara, ilhali fukara alikuwa mimi: nilitaka kueleza jambo ambalo sikulielewa katika lugha yoyote.