Mkono wa Fundi

Chumvi ya bahari haina urafiki na chuma. Huko Bagamoyo hula mabomba ya gari kimya kimya kama mchwa alavyo boriti. Chini ya mwembe, kando ya barabara iendayo Dar es Salaam, mwanagenzi mmoja wa ufundi aliona dizeli ikivuja katika gari lililokuwa likinguruma, akanyoosha kidole apapase ufa. Fundi mzee akamdaka mkono. "Mwanangu, zima injini, ungoje. Ufa hutafutwa kwa kipande cha boksi, hautafutwi kwa ngozi."

Mzee alisema kweli. Katika injini za dizeli za siku hizi, shinikizo la mafuta yaendayo kwenye nozeli huweza kupita mara 1,000 lile la hewa, wala haliishi mara tu injini inapozimwa. Mchirizi mwembamba kama uzi hutoboa ngozi. Jeraha hufanana na tundu la sindano, maumivu huwa haba, na kumbe nyama ya ndani imekwisha kuingiwa na mafuta. Asiyekimbilia hospitali saa ile ile huweza kupoteza kidole au mkono mzima.

Kijana alizima injini, akaketi kungoja. Nozeli ikiharibika hununuliwa nyingine. Mkono hauna duka.