Ludewa: kutoka jalidi hadi Ziwa Nyasa

Wasafiri wengi wanaijua Makambako kwa dirisha la basi tu: chipsi, mahindi ya kuchoma, kelele za wapiga debe, kisha safari ya Mbeya inaendelea. Nasema hapo ndipo pa kuiacha barabara kuu. Ukitokea Iringa, kata kushoto ushike njia ya Songea, na baada ya kilomita kama 60 za lami uko Njombe, mji uliokaa karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari.

Baridi ya Njombe haina utani. Juni na Julai jalidi huanguka usiku, na asubuhi majani ya viazi mabondeni yanakuwa meusi kana kwamba moto umepita. Watu wanasalimiana "Kamwene" mikono ikiwa ndani ya makoti. Usipite bila kuyaona maporomoko ya Mto Ruhuji, maana yako mjini kabisa. Nunua parachichi, nunua viazi, jaza mafuta, halafu elekea Itoni, inakochepuka barabara ya Ludewa.

Zamani njia hii ilikuwa adhabu ya masika. Malori yalilala matopeni na abiria pamoja nayo. Sasa kipande cha kilomita 50 kati ya Lusitu na Mawengi kimejengwa kwa zege badala ya lami, kwa sababu mvua ni nyingi, miteremko ni mikali, na huku ndiko kwenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Endesha polepole hata hivyo. Ukungu unaweza kukufunika kwenye kona moja, na kona ya pili jua likawaka juu ya matuta ya kijani yanayofuatana mpaka macho yachoke. Kando ya njia, karibu na nyumba za Wapangwa, yapo mashamba ya mianzi. Masika yakifika, mgema hukata ncha ya chipukizi changa, huning'iniza chombo cha mwanzi chini yake, na kila asubuhi na jioni huchonga tena kidogo ili utomvu uendelee kudondoka. Huo ndio ulanzi. Ukiunywa siku hiyohiyo ni mtamu, hata mtoto anapewa. Ukikaa, unachachuka na kuwa pombe ya watu wazima.

Wengi wanataka kufika ziwani siku hiyohiyo. Mimi nawasihi walale juu, kwenye vijiji vya Milima ya Livingstone, pande za Milo. Hakuna haja ya hoteli. Pita kwanza ofisi ya kijiji, jieleze, omba mahali pa kupiga hema. Utapewa, na mara nyingi utapewa na kuni. Mzee mmoja alitutazama tukihangaika na kamba, akasema, "Wanangu, geuzeni mlango uangalie ziwani. Usiku upepo unashuka kutoka mlimani, utawaingilia humo." Tukageuza. Kweli, kiza kilipoingia upepo ulikuja kutoka nyuma, ukalipiga hema mgongoni, nasi ndani tukawa salama na viazi vyetu vya kuchoma. Chini kabisa, taa za wavuvi wa usipa zilikuwa zimetapakaa juu ya maji.

Asubuhi ndiyo unaelewa ukubwa wa mahali hapa. Ukuta wa mlima unateremka karibu wima hadi ziwani, na maji hayafiki hata mita 500 juu ya usawa wa bahari. Kwenda Lupingu, kule ziwani, unapita Ludewa mjini, halafu unashuka kona baada ya kona: koti linavuliwa, kisha sweta, na migomba na miembe inachukua nafasi ya mianzi. Huko ni kwa Wakisi, wavuvi, na wanawake wao ni wafinyanzi wenye sifa mwambao mzima. Vyungu vyao vya mviringo, vyepesi, vilivyopakwa rangi nyekundu na nyeupe, husafiri kwa mitumbwi hadi masokoni. Maji ya Ziwa Nyasa ni maangavu kiasi cha kuona mawe na samaki wadogo wa rangi rangi miguuni pako, ingawa ziwa lenyewe lina kina cha takriban mita 700. Kula mbasa wa kuchoma kwa ugali, ukiwa umekaa mchangani.

Ukiwa na nafasi, endelea kusini hadi Manda, Mto Ruhuhu unakomwaga maji yake ziwani.

Kuhusu msimu, anayetaka ulanzi aende masika na avumilie matope kwenye njia za vijijini. Mimi nachagua Juni hadi Agosti: baridi ya juu ni kali, blanketi mbili ni lazima, lakini mvua imekatika na njia za vijijini zinapitika.