Mashini za Kushona za Zamani: Tusizitupe



Hapa mtaani kwetu Kalemie watu wananijua kwa kazi mbili. Ya kwanza ni ukatekista. Ya pili ni kutafuta mashini za kushona za zamani, zile nyeusi zenye maua ya rangi ya dhahabu, na kuzitengeneza mpaka zishone tena. Kwa kazi ya kwanza hakuna anayeniuliza neno. Kwa ile ya pili naulizwa kila juma: «Mwalimu, vyuma hivi vyote ni vya nini?» Leo nataka kujibu, maana jibu lake lawahusu watu wengi kuliko mimi peke yangu.

Kazi hii nilijifunza seminarini. Palikuwa na Furere mmoja mzee aliyeangalia chumba cha ushonaji, ambamo nguo za wanafunzi na za altare zilitengenezwa. Siku za kazi za mikono wenzangu walikwenda shambani na majembe. Mimi na mwenzangu mmoja tulipelekwa kwa Furere. Hakutupa kitambaa. Alitupa burashi, turunevisi na chupa ndogo ya mafuta. Miezi mitatu tulifungua mashini na kuzifunga, tukitaja kila chuma na kazi yake. Alikuwa akisema kwamba mtu asiyeijua mashini huilaumu, lakini anayeijua huiuliza. Nilipoacha seminari na kuoa, masomo ya filosofia yalinisaidia kufundisha, na burashi ya Furere ilinisaidia kulisha watoto.

Basi, mashini hufanyaje kazi? Wengi wanashona miaka ishirini bila kujua. Mtu akishona kwa mkono anatumia uzi mmoja, na sindano nzima hupita kitambaa, ikienda na kurudi. Mashini hutumia nyuzi mbili. Sindano yake ina tundu karibu na ncha, si nyuma kama sindano ya mkono. Inashuka na uzi wa juu na kupenya kitambaa. Inapoanza kupanda tena, uzi unabaki nyuma kidogo na kufanya kitanzi chini ya kitambaa. Wakati uleule ncha ya naveti, yaani kile chuma kinachobeba uzi wa chini, inapita ndani ya kitanzi hicho. Kisha uzi wa juu unavutwa, na nyuzi mbili zinashikana katikati ya kitambaa. Naveti ikichelewa kidogo tu, kitanzi kimekwisha kupotea, wala hakuna mshono. Yote ni kukutana kwa saa yake.

Akili hiyo haikutoka kwa mtu mmoja. Mshona nguo Mfaransa, Barthélemy Thimonnier, alipata hati ya serikali kwa mashini yake mwaka 1830. Ilishona kwa uzi mmoja tu. Mashini kama 80 ziliwekwa Paris kushona nguo za askari. Mwaka 1831 washonaji wa mji, wakiogopa kwamba chuma kitawanyang'anya chakula chao, waliingia wakazivunja. Thimonnier alikufa maskini mwaka 1857. Huko Marekani, Elias Howe alipata hati mwaka 1846 kwa mashini yenye sindano ya tundu nchani pamoja na naveti. Isaac Singer alipata yake mwaka 1851. Howe alimshtaki Singer kwa sababu ya kutumia mambo yake, naye akashinda, akalipwa fedha nyingi. Tangu mwaka 1856 kampuni ya Singer iliuza mashini kwa malipo ya kidogo kidogo kila mwezi. Hivi hata jamaa isiyo na mali iliweza kuwa na mashini nyumbani.

Watu huniuliza kama naweza kujua mashini fulani imetoka wapi. Mara nyingi naweza. Singer alipiga namba juu ya chuma cha kila mashini, na herufi zilizo mbele ya namba huonyesha kiwanda na miaka yake. Ninayo moja yenye herufi EG: ilitengenezwa Clydebank, katika nchi ya Uskoti, karibu na mwaka 1950. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1885. Mwaka 1913 kilitoa mashini zaidi ya milioni moja kwa mwaka mmoja. Kilifungwa mwaka 1980. Kiwanda kimekwisha, wafanyakazi wake wengi wamekwisha kufa, lakini kazi ya mikono yao inashona nguo za shule hapa kando ya Ziwa Tanganyika. Neno hilo hunifanya niwaze sana ninaposhika turunevisi.

Nimetaja ziwa, na hapo nataka kueleza jambo moja. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yalipanda sana, yakaingia katika nyumba za watu walio karibu na pwani. Mama mmoja mjane, mwenye watoto watano, alitoka usiku na watoto, godoro na sufuria. Mashini ilikuwa nzito, akaiacha. Ilikaa ndani ya maji majuma matatu. Alipoweza kuitoa, mbao za meza zilikuwa zimeachana kama majani, na chuma kilikuwa chekundu kwa kutu. Gurudumu halikugeuka hata kidogo. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu akapita mtaani na mzani wake, akataja bei kwa kilo. Fedha ile isingetosha unga wa juma moja. Lakini mama alikuwa na njaa ya siku ile, na mtu mwenye njaa haulizi habari za juma lijalo. Nilimwomba anipe mwezi mmoja, na jirani zake wakamkopesha unga.

Namna tulivyofanya nitaieleza wazi, maana inaweza kuwafaa wengine.

Kwanza, hatukulazimisha gurudumu. Chuma kilichoshikwa na kutu kikilazimishwa huvunjika, na kilichovunjika ndani ya mashini ni shida kukipata. Tulitia mafuta ya petroli kidogo kidogo katika kila tundu la mafuta na katika kila mahali ambapo chuma hugusana na chuma. Tukaiweka juani, jioni tukatia tena. Siku ya sita gurudumu liligeuka upana wa kidole. Siku ya tisa lilizunguka.

Pili, tulifungua kibati kilicho chini ya sindano na kusafisha meno yanayosukuma kitambaa. Humo mlikuwa na matope ya ziwa, na chini ya matope vumbi la nguo la miaka mingi, limeshikana kama blanketi. Mashini nyingi zinazosemwa «zimekufa» zimezibwa na vumbi hilo tu.

Tatu, baada ya petroli tulitia mafuta halisi ya mashini. Petroli hulegeza, lakini hailindi; mashini ikiachwa na petroli tu huisha haraka. Nawasihi pia, msitie mafuta ya kupikia, wala mawese. Siku ya kwanza mashini hukimbia vizuri, na mtu husema ameokoa fedha. Baada ya miezi michache mafuta hayo hukauka na kugeuka gundi.

Nne, yale maua ya dhahabu hatukuyasugua kwa msasa wala kwa alkoli. Alkoli huyeyusha rangi ya juu. Tulipangusa kwa pamba na mafuta ya mashini, polepole. Maua mengine yalikuwa yamekwisha kutoka, tukayaacha hivyo. Mashini si mwongo, haina haja ya kuonekana mpya.

Tano, tulitia sindano mpya na uzi, tukajaribu. Chini ya kitambaa yakatokea mafundo ya uzi kama kiota cha ndege. Karibu kila mtu aonapo hivyo huanza kuhangaika na uzi wa chini, kwa kuwa ubaya unaonekana chini. Lakini mara nyingi kosa liko juu: uzi wa juu haukuingia vizuri kati ya visahani viwili vinavyoubana. Tukaupitisha tena, na mshono ukanyoka.

Seremala wa mtaa alitengeneza meza mpya. Mwezi wa Septemba, shule zilipofunguliwa, yule mama alikuwa akishona mashati meupe na sketi za bluu. Hakunilipa fedha. Alimshonea mtoto wangu shati, nalo lingali zima.

Lakini si kila mashini hupona. Ikiwa mwili wake umepasuka, mimi siwezi kuurudisha. Hiyo naifungua na kutunza skrubu zake, chemchemi zake na naveti yake kwa ajili ya nyingine. Kwa hiyo nyumba yangu ilijaa. Mashini zilikuwa kumi na moja katika vyumba viwili: Singer sita, Pfaff moja ya Ujerumani, na nne za Butterfly, ambazo watu huziita Kipepeo, zilizotoka Shanghai. Nazipenda zote. Moja ni ya zamani sana, ile Singer ndogo ya mkono yenye naveti ndefu kama kimashua, inayokwenda mbele na kurudi nyuma. Mtoto akigeuza mkono wake na kutazama kimashua kile, husahau kula.

Basi, usiku mmoja mke wangu aliniuliza neno ambalo jirani hawakupata kuliuliza. Alisema: «Kuna mama hapa karibu anashona kwa mkono usiku mbele ya taa, na hapa kwetu mashini kumi na moja zimelala. Utamjibu nini?» Tulizungumza mpaka usiku wa manane. Mimi nilisema kwamba fundi asiyetunza mashini za kale hawezi kufundisha vijana, na kwamba nyingine zikitoka nyumbani zitauzwa kwa kilo. Yeye alisema kwamba mashini isiyoshona yafanana na mbegu iliyowekwa chunguni mpaka wadudu waile. Maneno yote mawili yalikuwa na kweli ndani yake. Ilitupasa kuyagawa.

Tulipatana hivi. Nne zikae nyumbani: ile ya kimashua, kwa kuwa hapa sijapata kuona nyingine kama ile, na tatu nyingine za kufundishia, kila moja ya namna yake. Saba ziazimwe kwa akina mama wasio na mashini. Masharti yake ni matatu: kutia mafuta kila Jumamosi, kutouza, na kuirudisha siku atakapopata yake. Tangu tulipofanya hivyo, moja iliuzwa, kwa kuwa mtoto wa mwenye kuazimwa alilazwa hospitali. Sikumpeleka mtu yule mbele ya mwamuzi. Moja imerudi, na mwenye kuirudisha alikuja na mashini yake mpya kichwani pa kijana wake ili nami niione. Tano zingali zinashona.

Kuna wanaosema: «Kazi hiyo imekwisha wakati wake. Nguo za bale ni rahisi, nani atashonesha?» Ni kweli, nguo kuukuu za ng'ambo zimeharibu kazi ya mafundi wengi. Tena zamani mji wetu ulifuma vitambaa vyake wenyewe katika kiwanda cha Filtisaf, na wazee wanaukumbuka wakati ule kwa uchungu. Lakini tazameni vizuri. Nguo ya bale yenyewe hupunguzwa kiunoni, hukatwa miguu, hutiwa zipu mpya: nani anafanya kazi hiyo? Nguo za shule, za arusi na za kwaya hushonwa hapa hapa. Kitenge nacho mara nyingi hushonwa. Na mashini ya kukanyaga kwa mguu haiulizi kama umeme umekuja leo.

Wengine husema afadhali kununua mpya. Aliye na fedha anunue, sina ugomvi naye. Lakini ajue kwamba mashini nyingi za Kipepeo zimefuata umbo la Singer namba 15, na kwa hiyo sindano na bobini zinazouzwa leo sokoni huingia hata katika Singer 15 ya babu yake. Kitu ambacho vyombo vyake bado vyauzwa, hakijafa.

Sasa, ndugu wasomaji, nawaombeni mambo machache. Tazameni nyumbani mwa wazee wenu. Methali yasema: mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mara nyingi mashini iko huko, chini ya kitanda, imefunikwa kwa gunia, na wajukuu hawajui ni nini. Iulizeni ilikuwa ya nani, na aliyekuwa nayo alishona nini. Msimpe mnunuzi wa vyuma mbele ya kumwonyesha fundi. Kama haina wa kuitumia katika jamaa yenu, kuna mama karibu nanyi anayeihitaji, nanyi mnajua jina lake bila mimi kulitaja.

Na ninyi vijana, hasa mliomaliza shule na kukaa bila kazi: turunevisi moja, burashi moja, petroli kidogo na mafuta ya mashini, hizo ndizo mali za kuanzia. Tena njoni kwetu siku ya Jumamosi baada ya saa nane, zile mashini nne ziko mezani. Njoni na nguo ambayo si ya Dominika, maana mafuta yake hayatoki upesi.